Uzi: "Hospitali haina damu." Tukibishana, tunabishania damu gani?

1.
Kila msimu wa siasa lazima mtu asimame jukwaani aseme, "Kina mama wanakufa, hospitali zetu hazina damu!" Kesho yake mwingine anamjibu redioni: "Huo ni uongo, benki ya damu imejaa, nendeni mkaone wenyewe." Halafu sisi huku chini tunagawanyika mara mbili na kuanza kutukanana. Nimekaa na hoja hii wiki kadhaa kwa sababu ya insha ninayoandika chuoni, na nilichogundua ni hiki: hao wawili wanaweza kuwa wanasema kweli wote wawili, siku moja, kuhusu hospitali moja. Ngoja nieleze inawezekanaje.

2.
Masharti ya uzi ni yale yale ya siku zote. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Nasoma sayansi ya siasa, mimi si daktari, kwa hivyo mambo ya matibabu nimeyaweka kwa kiwango cha kumsaidia mpiga kura kuuliza swali la maana. Mgonjwa wako akihitaji damu, msikilize daktari wake, usinisikilize mimi.

3.
Tuanze na jambo ambalo halisemwi jukwaani: damu si kitu kimoja. Ukitoa damu, unatoa takriban mililita 450, ile watu huita painti. Ikifika kituoni, inapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kama kituo kina mashine ya kuzungusha mifuko kwa kasi, na kama damu imefika mapema, ile painti moja inagawanywa. Chembe nyekundu, ambazo ni nzito, zinakaa chini. Juu kunabaki maji ya rangi ya manjano yanayoitwa plazima. Katikati kuna chembe ndogo sana zinazosaidia damu kuganda, wataalamu huziita pleteleti. Painti moja, wagonjwa hata watatu.

4.
Kila sehemu ina mahali pake pa kulala. Chembe nyekundu zinataka friji ya kawaida ya damu, nyuzi 2 hadi 6, na zinadumu siku 35 hadi 42 kulingana na dawa iliyo ndani ya mfuko. Pleteleti hazitaki baridi: zinakaa kwenye nyuzi 20 hadi 24, juu ya mashine inayozitikisa polepole usiku na mchana, na baada ya siku 5 hivi zimeisha. Plazima inagandishwa kabisa, chini ya nyuzi 18 hasi, na inaweza kukaa mwaka mzima. Yaani ni friji, mtikisiko na barafu. Nitaziita friji tatu ili tusichoshane.

5.
Friji ya kwanza ni ya nani? Chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni. Mtoto wa Siaya au Kilifi aliyekula malaria kali mpaka viganja vimekuwa vyeupe, huyo anahitaji chembe nyekundu. Mgonjwa wa selimundu ambaye damu yake imeshuka ghafla, vilevile. Aliyegongwa na bodaboda na anapelekwa kufanyiwa upasuaji, vilevile. Hii ndiyo friji ambayo waheshimiwa hupigia picha.

6.
Friji ya pili, ile ya kutikisa, ni ya watu ambao hatuwaoni kwenye mabango. Mtu mwenye saratani ya damu anapopewa dawa kali za saratani, uboho wake unaacha kutengeneza pleteleti kwa muda. Anaweza kuvuja damu puani, kwenye ufizi, hata ndani ya kichwa. Ukimpa chembe nyekundu peke yake hujamsaidia kuacha kuvuja. Na ili upate dozi moja ya mtu mzima kutokana na painti za kawaida, unachanganya pleteleti za watu wanne hadi sita. Kumbuka zinaisha baada ya siku 5. Kampeni ya kuchangia damu ya mwezi jana haimfaidi huyu mgonjwa hata kidogo.

7.
Friji ya tatu ni plazima. Ndani ya plazima kuna protini zinazofanya damu igande. Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, anapoteza chembe nyekundu na zile protini pia. Ukiendelea kumwongezea chembe nyekundu na maji tu, zile protini zilizobaki zinazidi kupungua nguvu, na damu inaendelea kutoka. Ndiyo maana daktari anaweza kuomba chembe nyekundu na plazima pamoja. Kutoka kwa plazima pia inapatikana dutu nzito inayoitwa krayo. Mwenye hemofilia aina ya A anaweza kusaidiwa na krayo pale ambapo dawa yenyewe haipo. Mwenye aina ya B, krayo haimfai, kwa sababu protini anayoikosa haimo humo. Ugonjwa una jina karibu moja, mfuko ni tofauti.

8.
Sasa rudi kwa wale wawili wa jukwaani. Mmoja ameona friji ya kwanza imejaa. Mwingine ana jamaa aliyekosa kitu cha friji ya tatu. Hakuna mwongo hapo. Shida ni kwamba neno "damu" linabeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja, na sisi tunapiga kelele bila kuuliza mzigo upi.

9.
Hizi friji hazikushuka kutoka mbinguni. Zina historia. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, akiwa Vienna, alieleza makundi ya damu. Kabla ya hapo kuongezewa damu kulikuwa kama kucheza kamari. Mwaka 1914 na 1915 madaktari wa Ubelgiji, Argentina na Marekani walionyesha kwamba ukitia chumvi aina ya sitrati damu haigandi nje ya mwili. Ghafla mtoaji na mgonjwa hawakuhitaji tena kulala kitanda kwa kitanda. Damu ikawa kitu cha kuwekwa akiba. Mwaka 1937 Bernard Fantus, wa hospitali ya Cook County kule Chicago, akaiita akiba hiyo benki.

10.
Na siasa iliingia mapema. Mwaka 1940 Charles Drew, daktari Mweusi wa Marekani, aliongoza mpango wa kukusanya plazima New York na kuituma Uingereza wakati wa vita. Plazima ilichaguliwa kwa sababu inastahimili safari na haihitaji kulinganishwa kwa makini kama chembe nyekundu. Muda mfupi baadaye, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulipoanza mpango wa taifa, uliwakataa kwanza watoaji Weusi, kisha ukawakubali lakini ukaiweka damu yao kando. Sayansi haikuwa na sababu yoyote ya kufanya hivyo. Utaratibu huo uliendelea hadi 1950. Kwa hivyo mtu akikwambia "tusiingize siasa kwenye damu", mwambie amechelewa kama miaka themanini.

11.
Mwaka huohuo wa 1950 Carl Walter na mwenzake walileta mfuko wa plastiki badala ya chupa ya kioo. Linasikika jambo dogo, lakini chupa huwezi kuizungusha kwa kasi na kukamua sehemu ya juu iingie chupa nyingine bila kuhatarisha uchafu. Mifuko iliyounganishwa kwa mirija unaweza. Katikati ya miaka ya 1960 Judith Pool, wa Stanford, alionyesha jinsi ya kupata krayo kwa kuyeyusha plazima polepole. Hapo ndipo nchi tajiri zilipoacha kumpa kila mgonjwa damu nzima. Sisi tulibaki nyuma, na hapa ndipo hadithi inafika nyumbani.

12.
Kenya ya mkoloni ilikuwa na tatizo lake kuhusu damu: watu hawakumwamini anayeichukua. Wazee wa Pwani wanalijua neno mumiani. Nairobi walisemwa wazimamoto na kachinja, kwamba wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya hizi hadithi, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000. Hakuuliza kama ni kweli au si kweli. Aliuliza zinasema nini kuhusu serikali. Kwa maoni yangu jibu si gumu: serikali iliyokuwa ikikuchukulia ardhi, ikakuvalisha kipande shingoni na kukukata kodi ya kichwa, ungeshindwaje kuamini kwamba inataka na damu?

13.
Naitaja hii kwa sababu bado iko nasi. Kila kampeni ya kuchangia damu mtaani, lazima utasikia mtu akisema "wanaenda kuiuza". Tunamcheka. Lakini yeye anauliza swali la uwajibikaji kwa lugha aliyorithi: mkishaichukua, inaenda wapi? Serikali isiyojibu hilo kwa takwimu inamlisha mumiani kwa mikono yake yenyewe.

14.
Baada ya uhuru, mfumo wa hospitali nyingi ulikuwa wa ndugu kwa ndugu. Mgonjwa wako amelazwa, unaambiwa lete watu watoe damu. Mwenye ukoo mkubwa mjini anapona, aliyetoka mbali peke yake anaomba Mungu. Na ndugu akibanwa anaweza kumlipa mtu asiyemjua ajifanye binamu. Mtu huyo akiwa anatafuta hela, hatakwambia ukweli kuhusu afya yake.

15.
Halafu ukafika ukimwi. Utafiti uliofanywa mwaka 1994 katika hospitali sita za serikali hapa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2001 kwenye jarida la Lancet, ulikadiria kwamba takriban 2 kati ya kila damu 100 walizowekewa wagonjwa zilipitisha virusi. Soma tena. Unaingia hospitali na malaria, unatoka na kitu kingine. Upimaji ulikuwepo, lakini vifaa vilikatika, kumbukumbu zilikuwa mbovu, na watoaji wenyewe walikuwa wale wa kuletwa haraka haraka.

16.
Kipindi hichohicho, utafiti mwingine wa hospitali ya Siaya, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha upande wa pili. Watoto wenye upungufu mkubwa wa damu walionufaika waziwazi ni wale ambao damu ilikuwa imeshuka kupita kiasi, au waliokuwa wakihema kwa shida, na ambao waliongezewa siku ya kulazwa au kesho yake. Aliyeongezewa kwa kuchelewa hakuonekana kufaidika. Weka hizi tafiti mbili pamoja uone ugumu wenyewe: damu ilikuwa inaokoa na kuua katika wodi moja, na tofauti ilikuwa nani anapewa, nini hasa, na saa ngapi. Hapo ndipo sera ya damu ilipopaswa kuanzia. Haikuanzia hapo. Ilianzia kwenye bomu.

17.
Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani pale Nairobi ulilipuliwa. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200, waliojeruhiwa zaidi ya 4,000. Wakenya walijitokeza kutoa damu, lakini nchi haikuwa na huduma ya taifa iliyojipanga kuipokea, kuipima na kuisambaza. Baada ya hapo msaada wa Marekani uliingia, ikaanzishwa Huduma ya Taifa ya Damu, na mwaka 2001 ukatoka mwongozo wa sera. Vituo vya kikanda vikawa sita: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na Embu. Sera ilisema tuachane na ndugu kwa ndugu, tutegemee watu wanaojitolea bila malipo.

18.
Na hao wa kujitolea walikuwa nani? Wanafunzi wa sekondari. Wengi mnaosoma hapa mlitoa damu mara ya kwanza mkiwa na sare ya shule, mkapewa soda na biskuti. Mimi pia, kidato cha tatu. Ilikuwa busara kiafya, maana vijana wa shule walikuwa na maambukizi machache. Ila maana yake ni kwamba akiba ya damu ya nchi ilifuata kalenda ya Wizara ya Elimu. Shule zikifungwa Agosti na Desemba, friji ya kwanza inapungua. Na Desemba ndio mwezi wa ajali.

19.
Mwaka 2004 fedha za mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, PEPFAR, zilianza kubeba sehemu kubwa ya gharama: mifuko, vipimo, magari, hata mishahara. Usalama wa damu uliimarika, tusiwe wachoyo wa kusema hivyo. Lakini kwa miaka kama kumi na mitano bunge letu lilizoea kwamba damu ni kitu kinacholipiwa na mtu mwingine. Ufadhili huo ulipofika mwisho mwaka 2019, uhaba ulijitokeza mara moja. Watu walikuwa bado wapo tayari kutoa damu. Kilichokosekana ni mifuko ya kuitia na vipimo vya kuipima. Machi 2020 korona ikafunga shule zote, na yule mtoaji mkuu, mwanafunzi, akarudishwa nyumbani kwa miezi.

20.
Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo cha haraka: nchi ikusanye angalau painti moja kwa kila watu 100 kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47.6. Kwa hivyo tunazungumzia painti karibu 476,000 kwa mwaka. Katika miaka ile hatukuwa tunafikisha hata nusu. Lakini angalieni mtego uliopo: hata tukifikisha hiyo idadi kesho, ni hesabu ya mifuko iliyoingia. Haisemi ni mingapi iligawanywa, wala ni mingapi iliisha muda ikatupwa.

21.
Tuje kwa Katiba, eneo langu. Jedwali la Nne linasema hospitali za rufaa za taifa na sera ya afya ni za serikali ya taifa. Hospitali za kaunti, zahanati na ambulensi ni za kaunti. Neno damu halimo. Katiba ilipitishwa 2010, kaunti zikaanza kazi 2013, na damu ikabaki katikati: anayeiweka mgonjwa ni muuguzi wa kaunti, anayeipima ni mtaalamu wa kituo cha kanda, kilicho cha taifa. Sheria ya Afya ya 2017 iliweka sehemu ya kuzungumzia damu na viungo, lakini sheria haileti mashine. Likitokea tatizo, gavana anaelekeza kidole Nairobi, Nairobi inaelekeza kaunti. Na wote wawili wana kipande cha karatasi cha kujitetea.

22.
Juni 2013 huduma ya kujifungua ilifanywa bila malipo katika hospitali za umma. Ni sera nzuri, na iliwaleta kina mama wengi zaidi hospitalini. Sasa fikiri: umeongeza watu wanaojifungulia hospitali, na miongoni mwa sababu kuu zinazoua kina mama hapa kwetu ni kuvuja damu. Je, uliongeza plazima? Ada ya kitanda inaondolewa kwa tangazo moja. Friji ya tatu haiji kwa tangazo.

23.
Nitoe mfano wa karibu. Mwaka 2021 shangazi yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya umma, sitaitaja. Akaanza kuvuja. Tukaambiwa leteni watu. Tulikuja watano, na watatu walifaa. Friji ya hospitali haikuwa tupu, chembe nyekundu alipewa. Alichokosa ni plazima. Iliyokuwa karibu ilikuwa mji mwingine, kwa sababu pale hapakuwa na mashine ya kutenganisha wala jokofu la kugandisha. Gari lilitumwa, likarudi usiku. Shangazi alipona, lakini kizazi kilikuwa kimeshatolewa ili kumwokoa. Alikuwa na miaka 27. Siku ile nesi mmoja alituambia kwa upole, "Damu yenu ni nzuri, itamsaidia mwingine." Alikuwa sahihi kabisa. Ni sentensi ambayo imenifundisha siasa ya afya kuliko mihadhara mingi.

24.
Kwa hivyo hoja ya "Wakenya hawataki kutoa damu" mimi siipokei hivi hivi. Septemba 2013, wakati wa shambulio la Westgate, watu walipiga foleni Uhuru Park mpaka jua likawachoma. Aprili 2015, baada ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu walijitokeza tena. Moyo upo. Tatizo la damu ya msiba ni kwamba inakuja yote kwa siku mbili, halafu chembe nyekundu zinaisha siku ile ile zote. Mgonjwa wa selimundu wa Novemba haishi kwa foleni ya Septemba. Anaishi kwa mtu anayetoa kimya kimya kila baada ya miezi mitatu au minne, bila kamera.

25.
Kuna wanaosema basi tuwalipe watoaji. Hoja hii ina umri. Mwaka 1970 Richard Titmuss, msomi wa Uingereza, alilinganisha Uingereza ya watu wa kujitolea na Marekani ambako damu nyingi ilinunuliwa. Alisema soko lilileta damu chafu zaidi, kwa sababu mwenye dhiki ana sababu ya kuficha ugonjwa. Mwaka 1975 Mkutano wa Afya Duniani ukazihimiza nchi zitegemee kujitolea. Mimi nakubaliana nao kwa damu ya hospitali. Ila tusidanganyane: mtoaji anatoa bure, lakini mfuko, vipimo vinne, umeme wa jokofu na mshahara wa mtaalamu wa maabara si bure. Mwanasiasa akisema "damu ni bure", muulize nani amelipia hayo mengine. Kwa sababu kama serikali hailipi, familia italipa, au mgonjwa atalipa kwa njia nyingine.

26.
Wengine wanapenda mfano wa Rwanda: ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu tangu 2016. Mfano ni mzuri. Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kwamba damu iliyokuwa ikiisha muda katika hospitali zilizohudumiwa ilipungua kwa asilimia 67. Lakini angalia kwa nini inafanya kazi: hospitali ndogo haihitaji kuweka friji zote tatu, kwa sababu kuna kituo kikuu chenye zote tatu, kinachojibu simu. Ndege haitengenezi plazima. Ukileta ndege mahali ambapo kituo hakina mifuko, umenunua ndege.

27.
Sasa, kwa nini nasema haya kwenye uzi wa siasa? Kwa sababu kipimo tunachotumia kuwapima viongozi kinawasaidia kutukwepa. "Mtachangia damu?" ni swali kwetu. "Mtaitenganisha wapi?" ni swali kwao. Miaka yote tumeulizwa la kwanza, na hatujauliza la pili. Historia yetu inaonyesha kila hatua ilikuja baada ya maiti: ukimwi, bomu, kisha mfadhili kuondoka. Hakuna hata moja iliyokuja kwa sababu mpiga kura aliuliza.

28.
Mnaweza kunakili maswali haya mwende nayo kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma cha bajeti ya kaunti yenu:

Moja: hospitali yetu kuu ina friji ngapi kati ya zile tatu?
Mbili: plazima na pleteleti zikihitajika usiku, zinatoka wapi, na zinachukua saa ngapi kufika?
Tatu: mifuko na vipimo viko kwenye mstari gani wa bajeti, na fedha hizo ni za kaunti, za taifa, au za mfadhili? Kama ni za mfadhili, mkataba unaisha lini?
Nne: shule zikifungwa, mpango ni upi?
Tano: mwaka jana painti ngapi zilitupwa kwa kuisha muda?

29.
Msitarajie majibu mazuri mara ya kwanza. Nilipomuuliza ofisa mmoja wa afya wa kaunti swali la tano, aliniambia hakuna aliyewahi kumuuliza. Hakukasirika, aliandika kwenye daftari. Hiyo kwangu ni dalili kwamba watu wa ndani nao wangependa kuulizwa, maana afisa asiyeulizwa hana cha kupeleka mezani wakati wa kugawa pesa.

30.
Na wale wa "lakini mimi naweza kufanya nini leo": kama una miaka 16 hadi 65, una kilo 50 na zaidi, na u mzima wa afya, nenda katoe. Mwanaume baada ya miezi mitatu unaweza kurudi, mwanamke baada ya minne. Ukimaliza, kabla hujaondoka na soda yako, muulize mhudumu kwa heshima: damu yangu itagawanywa, au itatumika nzima? Jibu lake liandike hapa chini pamoja na jina la kaunti tu, usitaje jina la mhudumu wala la mgonjwa. Nitayakusanya, na wiki ijayo nitaweka jedwali tuone friji ya tatu iko wapi na haipo wapi. Bishaneni, lakini bishaneni juu ya hilo.